Matawi Yaliyopitia Mlango wa Mbele

Katika habari hii yamo mambo niliyoyaona kwa macho yangu na yamo niliyoambiwa, na sitayachanganya. Niliona kichaka kikiziba mlango wa nyuma wa nyumba yangu. Nilikitambua mwenyewe, nikakipogoa kwa mikono yangu, nikayapitisha matawi yake sebuleni hadi kijia cha mbele. Nilisikia watu wakimlilia mke wangu, naye mke wangu akiwa karibu nami akiwasikiliza. Hayo nayathibitisha. Nani alitangulia kulia, nani alipeleka habari kanisani, na yaliyotokea mbele ya nyumba mwishoni kabisa, hayo niliambiwa na watu wengi, na kila mmoja aliniambia lake.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mkalimani wa mahakama. Mkalimani husimama kati ya shahidi na hakimu, na kazi yake ni kuyahamisha maneno ya mtu kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuyaongezea chumvi. Jambo moja nililiona kila siku. Shahidi akisema, "Nilimwona," hakimu huandika. Akisema, "Watu wanasema," hakimu huinua kalamu kutoka kwenye karatasi na kusubiri. Nilistaafu na desturi hiyo ya kuinua kalamu, na wengi mtaani hawaipendi.

Nyumba yetu iko mtaa wa Mbotela, katika mojawapo ya mistari ya nyumba za zamani za baraza la jiji. Ina milango miwili. Wa mbele unatokea kwenye kijia kinachokwenda barabara ya ndani ya mtaa. Wa nyuma unatokea uani, na ua wenyewe ni mdogo, umezungushiwa ukuta unaompita mtu kimo, na una geti la chuma. Nje ya geti kuna uchochoro ambao mkokoteni uliojaa hupita bila taabu.

Zamani kijia cha mbele kilikuwa kipana vilevile. Kisha jirani yetu wa ubavuni, mama mmoja kutoka magharibi ya nchi kama sisi, alijenga kibanda cha mabati ukutani mwa nyumba yake, akawa anauza chapati na uji. Kibanda kilimlisha yeye na wanawe, na kilikula nusu ya kijia chetu. Mtu mmoja hupita. Wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Nyuma nako kichaka kilikuwa kimefanya kazi yake. Mke wangu alikipanda kando ya geti miaka ile tulipohamia, kikawa kinachanua maua ya manjano yenye umbo la kengele, naye akawa hataki kiguswe. Kikakua, kikajaza ua. Geti lilikuwa la kufungukia ndani, na shina moja nene lililopinda lilikuwa limeliegemea kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Ukiufungua mlango wa jikoni ulikutana na ukuta wa majani. Dirisha la chumba cha kulala halikuingiza tena jua ila mwanga wa kijani, mchana kutwa, kama ule ulio ndani ya chupa.

Tungeendelea kuishi hivyo, kwa kuwa binadamu huzoea, lakini mke wangu alianguka penye kufulia akavunjika nyonga. Siku ya kurudi kutoka hospitali, machela ilishindwa kukata kona ya kibanda. Wanaume wanne wakamtia ndani ya shuka, wakambeba wakienda upande upande kama kaa. Mmoja aliteleza, naye mke wangu akagonga bati kwa bega. Hakulia. Tulipobaki peke yetu aliniambia, "Karani, siku nyingine nikibebwa kwa shuka, niwe sina habari."

Ananiita Karani tangu ujana wetu, ingawa anajua vizuri kwamba mkalimani si karani.

Akina mama wa kanisa walimletea kiti cha magurudumu. Kilipita kijiani kikiwa kimekunjwa. Kikikunjuliwa hakikupita. Nilikipima kwa kamba, nikakipima kijia kwa kamba ileile, na kamba haina upande. Vijana wa kanisa walijitolea kumbeba hadi barabarani kisha wamketishe. Aliwashukuru, akawaambia, "Mimi si kabati."

Basi akakaa ndani. Wiki za kwanza alikuwa akiniagiza nimsukume kutoka kitandani hadi sebuleni na kumrudisha, mara nyingi kwa siku, akisema tunasafiri. Baadaye aliacha kusafiri. Kisha aliacha nyama, akaacha ugali, akawa anakunywa chai tu, uso umeelekea ukutani. Daktari alisema mfupa unaunga vizuri. Mfupa ulikuwa unaunga, na mwenye mfupa alikuwa anazimika. Nilielewa bila kuambiwa na mtu kwamba asipotoka katika nyumba ile kwa njia anayoikubali, atatoka kwa ile nyingine.

Nilianzia mbele. Nilikwenda kwa jirani akiwa anakanda unga.

"Mama, ningekuomba urudishe mabati haya ndani kidogo ili kiti kipite."

"Nirudishe wapi, mzee? Nyuma yangu ni ukuta. Ama nikaange chapati nikiwa kitandani?"

"Kiasi cha viganja viwili."

"Viganja viwili ndivyo vimeshika jiko langu." Aliupiga unga kofi. "Mzee, nakuheshimu, na mama nampenda. Lakini watoto hawali heshima."

Hakusema uongo. Nikageukia nyuma.

Niliwaita vijana wawili wanaofyeka nyasi mtaani. Walifika na mapanga yao, wakapanda ukuta kutoka uchochoroni, wakachungulia.

"Niaje, mzee. Hii tunaangusha saa hii hii," alisema wa kwanza.

Wa pili alilitazama ua la manjano, akalirudisha panga kwapani. "Mimi siguzi hii, buda. Hii ni ile ya sumu. Maziwa yake ikikuingia macho, umeisha."

"Umemwona nani aliyepofuka?"

"Kuna msee wa Dandora."

"Umemwona?"

"Nimeskia."

"Basi humjui."

"Simjui, mzee, lakini sitaki kuwa yeye."

Wakashuka ukutani, wakaenda zao.

Sikuwacheka. Mti wa sumu wenye maua ya manjano ya namna ile upo. Nyumbani kwetu magharibi nimeuona ukiwa uzio wa boma, na nilipokuwa mtoto tulikatazwa kuokota matunda yake. Swali lilikuwa kama huu wetu ndio ule. Kabla ya juma kwisha kila mtu katika mstari alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni wa sumu. Mwingine alisema si wa sumu ila ukikatwa mwenye nyumba hufiwa. Wa tatu alisema ni dawa ya tumbo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amevunja jani lake.

"Nimewaambia niliupanda mimi," mke wangu alisema akiwa amelala. "Mbegu zake zilikuwa nyembamba kama karatasi. Hauna sumu."

"Wewe ni shahidi mwenye maslahi."

"Na wewe ni hakimu asiye na mahakama."

Hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu zaidi kwa siku nyingi, na iliniharakisha kuliko ombi.

Nilikwenda kwa wauza miche kando ya Jogoo Road. Nilipoeleza maua, muuzaji alijibu, "Hiyo ni tekoma, mzee," bila kuinua uso kutoka kwenye chungu alichokuwa akijaza udongo. Nikamwambia kwamba hajauona mti wangu, hivyo hawezi kuujua, lakini kama anayo yote miwili, ule wa sumu na hiyo tekoma, namwomba aiweke pamoja. Aliiweka, nadhani ili niondoke. Nilivaa mfuko wa plastiki mkononi. Wa sumu ulikuwa na majani membamba marefu, kila moja likiwa peke yake, kingo zake laini. Nililivunja, na maziwa meupe yakatoka papo hapo. Jani la tekoma lilikuwa limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangwa viwili viwili kwenye kikonyo kimoja, na kimoja kikiwa peke yake nchani, na kila kijani kilikuwa na meno pembeni kama msumeno. Nilikivunja kikonyo chake. Hakikutoa maziwa.

Nyumbani nilifungua mlango wa jikoni, nikavuta tawi ndani. Vijani vilikuwa viwili viwili, na kimoja nchani. Kingo zilikuwa na meno. Nilivunja jani, nikavunja kitawi, nikavunja tawi lenye unene wa kidole, nikasubiri. Yalitoa majimaji ya kawaida yasiyo na rangi. Kisha nikavuta ganda kavu, refu na jembamba kama la kunde, nikalipasua mbele ya mke wangu. Mbegu zenye mabawa ziliruka, zikatua kwenye blanketi lake. Aliokota moja, akaiinua kwenye ule mwanga wa kijani.

"Shahidi wa pili ameingia," alisema. Kisha akasema, "Kipogoe, usikiue. Nataka nipite chini yake."

Siku hiyo alikula nusu ya ugali wake.

Kupogoa nilijifunza katika shamba la mibuni la baba yangu. Panga halipogoi, linararua, na jeraha lililoraruka huoza. Nilitumia msumeno mdogo na mkasi wa miti. Huanza mtu kwa kuondoa vilivyokufa, kisha matawi yanayosuguana, kisha mashina makuukuu, chini kabisa, kwa mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasituame. Yanayobaki hukatwa juu kidogo ya chipukizi linalotazama nje, kwa sababu tawi jipya hufuata chipukizi linakotazama. Tatizo langu lilikuwa moja. Sikuweza kukifikia kichaka kwa upande wa uchochoro, kwa kuwa geti lilikuwa limezibwa na shina na mimi si wa kupanda kuta tena. Ilinilazimu kukikata kutoka ndani, nikianzia kizingiti cha jikoni na kuingia pole pole, kama wachimba migodi. Na kila nilichokikata hakikuwa na pa kwenda ila kupitia jikoni, sebuleni, na mlango wa mbele.

Nilifanya hivyo siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimepatana na mtu wa mkokoteni aje kuyachukua matawi ayapeleke jalalani. Hakuja mapema, na rundo likakua kando ya mlango wangu, majani mabichi na maua juu yake. Ndani vumbi la kichaka kile, lililokusanyika miaka mingi, lilitanda pamoja na chavua. Mke wangu, aliyekuwa amelazwa sebuleni ili afuatilie kazi, alivuta shuka nyeupe akajifunika kuanzia miguu hadi kichwa. Mimi nilijifunga leso mdomoni. Macho yalinichoma, machozi yakawa yananitoka bila kukoma, na sikuwa na mkono mtupu wa kuyafuta.

Nilikuwa natoka na mzigo mwingine wa matawi nilipomkuta jirani wa chapati amesimama kijiani, mikono yake imejaa unga.

"Mzee, kwema?"

Koo langu lilikuwa limekauka kwa vumbi, na leso ilikuwa mdomoni. Niliinua kichwa tu. Alinitazama machoni. Alilitazama rundo. Kisha alitazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, na mimi, nikiwa nimesimama pale pale, niliyafuata macho yake na kuona alichokiona. Aliweka mikono kichwani, unga ukabaki kwenye nywele zake, akageuka akaenda zake.

Sikufikiri lolote. Nilidhani amechukizwa na taka. Msomaji asiyetoka kwetu anahitaji kuelezwa jambo hili. Kwetu magharibi, mtu mzima akifa, waombolezaji huvunja matawi mabichi na kuja nayo mikononi wakiimba, na nyumba yenye matawi mabichi mlangoni haiulizwi habari. Majirani zetu wanaotoka sehemu za kati hawana desturi hiyo, lakini tumezikana mtaani kwa miaka mingi, na kila mmoja anaisoma desturi ya mwenzake. Matawi, mzee anayetoa machozi, mwili uliofunikwa shuka nyeupe hadi kichwani. Mama yule hakusikia kwa mtu. Aliona, na vyote vitatu alivyoviona vilikuwepo. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu wakati huo, na bado sijui hakimu angemwambia nini.

Nilirudi nyuma. Nilikuwa nimefika katikati ya ua, na lililobaki ni lile shina lililoegemea geti, pamoja na pazia la matawi machanga pembeni yake, wakati sauti ya kwanza ilipopanda. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kutoka kifuani, ile isiyoigizwa. Ikajibiwa na nyingine. Nilipofika mlango wa mbele kijia kilikuwa kimejaa. Wengine walikuwa wameokota matawi yangu kutoka kwenye rundo na kuyashika mikononi.

"Mke wangu hajafa," nilisema.

"Ndiyo, baba," mama mmoja wa kanisa alinijibu, akinishika mkono kwa upole. "Hajafa. Amelala tu."

"Amelala sebuleni. Anasikia."

"Anasikia, baba. Wote wanasikia."

"Nasema yuko hai!"

"Yuko hai kuliko sisi," alisema mwingine, na wakaanza wimbo.

Mwanamume mmoja wa mstari wetu, ambaye huwa mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi, alinijia akanishika mabega. "Mzee, usijikaze. Wewe ni msomi, lakini leo lia. Rudi ndani ukae naye. Mambo ya huku nje tuachie sisi."

"Ingia uone mwenyewe."

"Haiwezekani mtu aingie kabla ya pasta na akina mama wakubwa. Ninyi watu wa magharibi wenyewe ndio mlitufundisha."

Akanirudisha ndani kwa mikono miwili, akauvuta mlango. Nilijaribu kuufungua tena. Ulifungukia ndani, kwa hiyo ulifunguka, lakini kizingitini walikuwa wameketi wanawake, migongo yao kwangu, wamejaa kutoka ukuta hadi kibanda, na hakuna aliyegeuka. Nyuma yangu kulikuwa na geti lililofungwa na shina. Nikasimama katikati ya sebule yangu, msumeno mkononi, mtu aliyesema ukweli maisha yake yote, na hapakuwa na wa kuupokea.

Mke wangu alikuwa ameishusha shuka hadi kidevuni.

"Piga kelele," nilimwambia. "Wakikusikia wataacha."

"Ngoja kwanza. Huyu anayelia ni yule aliyenikopa sufuria?"

"Ndiye."

"Analia vizuri. Sufuria hajarudisha." Alisikiliza. "Na huyu mwenye sauti nzito?"

"Jirani. Wa chapati."

Aliigeuzia sikio sauti ile. "Huyu analia kweli," alisema. Nami nilikubali, kwa kuwa tofauti ilikuwa inasikika. Nadhani angewaita wakati huo. Alikuwa ameinua kichwa na kuvuta pumzi ya kuita. Lakini wimbo ulipungua, na sauti za wanaume zikasikika karibu kabisa na mlango, zikizungumza kwa sauti ya kazi.

"Jeneza halitapita hapa."

"Hata kwa upande?"

"Kwa upande ni aibu. Mama wa watu? Hii kitu itolewe."

"Mwenyewe atakubali?"

Kisha sauti ya jirani, imekauka kwa kilio: "Toeni. Toeni yote. Mama yangu hawezi kupitishwa upande upande."

Nyundo zikaanza. Nilisikia misumari ikilia inapong'olewa, na bati moja likianguka, na la pili. Kupitia dirisha la mbele mwanga uliokuwa haujaingia kwa miaka ulitua sakafuni, ukapanda miguu ya kiti cha magurudumu kilichokuwa kimekunjwa pembeni.

Mke wangu aliutazama mwanga ule. Kichwa chake kilirudi juu ya mto wa kulalia.

"Kwa hiyo kilikuwa kinaweza kutolewa," alisema.

Bati jingine lilianguka.

"Kwa jeneza wametoa. Kwa kiti hawakutoa." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma hukumu iliyoandikwa na mwingine. Akaugeuza uso wake ukutani, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku alipoanguka.

Nilimwambia njia sasa iko wazi. Nitamketisha kitini, nitaufungua mlango, wanawake watatupisha wenyewe kwa woga, na atatoka.

"Kwa njia ya jeneza?" aliuliza bila kugeuka. "Hiyo waliifungulia maiti, Karani. Mwenye njia yake aje apite siku yake. Shina limebaki kiasi gani?"

"Moja."

"Basi unasimama hapa kufanya nini?"

Nilirudi uani. Shina lile lilikuwa nene kama paja la mtu, na lilikuwa limebanwa kati ya ardhi na geti, hivyo msumeno ulishikwa kila ulipoingia. Shina lililobanwa hukatwa kwanza upande linakobanwa, kidogo, kisha upande linakovutika. Niliyajua hayo, lakini haraka ilinisahaulisha. Mbele wimbo ulikuwa umepanda tena. Nilikuwa nimepiga magoti, jasho na chavua machoni, wakati mtu alipoligonga geti kwa nje.

"Dada! Dada, uko?"

Alikuwa rafiki wa mke wangu, fundi wa nguo wa mstari wa nyuma, mwanamke kutoka sehemu za kati. Magoti yake yanamsumbua, na kuuzunguka mstari wote hadi mlango wa mbele ni safari kwake, kwa hiyo kwa miaka mingi amekuwa akisimama pale uchochoroni kila asubuhi na kuzungumza na mke wangu kupitia geti na majani. Hata asubuhi ile, kabla sijamleta sebuleni, walikuwa wamesalimiana kupitia dirisha la chumba cha kulala, linalotazama uani.

"Nimesikia amekufa," aliniambia kupitia geti.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa wote! Lakini tuliongea naye leo, na hakuniambia."

Kutoka ndani, mke wangu, ambaye sauti yake haikuwa imevuka sebule kwa wiki nyingi, aliita, "Ningekuambia!"

Yule fundi alicheka, kisha nikamsikia analia, kisha akacheka tena. "Mzee, kata," alisema. "Kata, mimi nasukuma."

Nilikata. Alisukuma geti kwa bega kutoka nje kila nilipomwambia, akaliachia kila nilipomwambia, na msumeno ukapata nafasi ya kupumua. Shina lilitoa mlio mmoja, likashuka. Nililiburuta pembeni, nikasawazisha kisiki hadi chini ili gurudumu lisikwame. Pembeni nilikuwa nimeyabakiza mashina matatu machanga, yaliyosimama wima, yakiwa bado na maua.

Kumketisha ilikuwa kazi yetu ya kila siku na tuliifanya kama siku zote, yeye akinishika shingo, mimi nikihesabu. Alitaka kitambaa chake cha kichwa. Nikamfunga, akakifungua, akakifunga mwenyewe. Nilimsukuma jikoni, tukavuka kizingiti, na magurudumu yakapita juu ya majani mabichi yakitoa sauti ya mvua nyepesi. Chini ya matawi yale matatu aliniamuru nisimame. Jua lilikuwa usoni mwake. Alifumba macho, na sikumwambia aharakishe.

Getini fundi alishika mikono ya kiti. Nilitaka kufuatana nao. Mke wangu aliinua kidole.

"Wewe baki. Ukija watasema umenileta. Nataka kufika mwenyewe."

"Ni mbali kuzunguka."

"Nimekaa sana. Mbali ndiko ninakotaka."

Wakaondoka. Uchochoro ulikuwa mtupu, kwa kuwa mtaa wote ulikuwa mlangoni kwangu ukimwomboleza. Nilisimama getini nikiushika msumeno, nikawatazama wakienda taratibu, wawili hao wakizungumza kama watu wanaokwenda sokoni, hadi walipofika mwisho wa mstari wakakunja kona.

Yaliyofuata huko mbele nimesimuliwa mara nyingi. Wapo wasemao kwamba mwenyekiti wa kamati alikimbia na nyundo mkononi. Wapo wasemao kwamba mke wangu alimwambia jirani wa chapati, "Mabati yako usiyarudishe," na wapo wasemao kwamba alimwomba chapati tu. Fundi ana habari yake, na jirani ana yake, na hazilingani. Mke wangu nimemuuliza. Hujibu kwamba yeye ni shahidi mwenye maslahi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyuma, getini, mahali nilipoambiwa nibaki, na nilichokisikia kwa masikio yangu mwenyewe ni kwamba wimbo ulikatika katikati ya ubeti.